Wanne na Sauti ya Bi Mwanahawa

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa wameshazoea kulala na simu chini ya mto, aliishi Tanga mjini mwanamke aliyeitwa Mwanahawa Sechonge. Nisikilizeni vizuri, maana nikimaliza nitawauliza swali, na atakayesema hakusikia sitamrudia.

Bi Mwanahawa alikuwa msomaji wa redio. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ya hapo hapo mjini, ikisikika hadi Muheza na Pangani kama hali ya hewa ni nzuri. Alisoma salamu za wasikilizaji, alisoma bei za sokoni, lakini zaidi alijulikana kwa matangazo ya vifo. Kabla ya kila tangazo alisema, "Mpendwa msikilizaji, usiondoke," kisha akanyamaza kidogo, kisha akalitaja jina la marehemu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Watu walisema msiba ukitangazwa na Bi Mwanahawa, kulia kunakuwa kwepesi.

Basi Bi Mwanahawa akaugua koo. Sauti ikaanza kukwaruza, kikaja kikohozi, ikaja damu. Madaktari wakamwambia kuna uvimbe, na njia ni moja: wakate koromeo. Atapona, au huenda atapona, lakini hatasema tena.

Bi Mwanahawa akarudi nyumbani akakaa kimya siku nzima, kama anajaribisha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Salha. Salha alikuwa mshonaji wa nguo, ana kibanda chake cha cherehani, na ndiye aliyemwosha mama yake, ndiye aliyempikia uji, ndiye aliyekwenda naye hospitali.

Huko mjini palikuwa pia na kijana aitwaye Aminieli Mfinanga, mwandishi wa programu za kompyuta. Aminieli alikuwa na mama mkubwa aliyepofuka ukubwani, mama aliyependa vitabu kuliko chakula. Kwa ajili yake Aminieli akaanza kutengeneza programu ya kuwasomea wasioona: unaipa maandishi, nayo inayasoma kwa sauti. Hakuanzia patupu. Msingi wa programu ile ulikuwa umeandikwa na watu wa mbali asiowajua, wakauweka kwenye mtandao bure kwa sharti moja: atakayeuchukua na kuujengea, naye akitoa alichojenga akitoe wazi, asikifungie. Aminieli akalikubali sharti. Akajenga. Mama mkubwa alifariki kabla kazi haijakamilika, lakini Aminieli hakuacha.

Tatizo likawa sauti. Programu ilisoma, ndiyo, lakini ilisoma kama debe linaloburuzwa kwenye changarawe.

Siku moja akasikia habari za ugonjwa wa Bi Mwanahawa, akaenda kwake, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kunipa pole, pole nimeshapewa nyingi."

"Sikuja na pole, mama. Nimekuja kukuomba sauti yako kabla hawajaichukua."

Akamweleza. Atasoma sentensi nyingi sana, kompyuta itajifunza, na baadaye itaweza kusema maneno ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyasema. Watoto wasioona watasomewa vitabu vya shule kwa sauti yake.

Bi Mwanahawa akauliza swali moja. "Watajua ni mimi?"

"Watajua, mama."

"Basi lete hayo maneno."

Wakamtafutia chumba. Wakaegemeza magodoro ukutani ili mwangwi usiingie, wakazima feni, jirani akaombwa amfungie jogoo wake kwenye banda. Bi Mwanahawa akasoma wiki baada ya wiki, jasho likimtiririka, akimeza maji ya vuguvugu na asali. Anasoma hadi sauti inakatika, anapumzika, anaanza tena. Salha alikuwa amekaa pembeni na kitambaa cha kumfutia mdomo. Mara nyingine kitambaa kilitoka na damu, na Salha akisema, "Mama, inatosha," na mama yake akitikisa kichwa na kuomba ukurasa mwingine.

Chumba kile kilikuwa cha nani? Kilikuwa cha Bi Verediana Rutashobya. Huyu ndiye mwajiri wa Aminieli. Alikuwa na kampuni ndogo ya programu, vyumba vichache juu ya duka la vifaa vya umeme. Aminieli alipomweleza habari ya kuwasomea wasioona, Bi Verediana hakusita. Akampa kompyuta zenye nguvu, akampa muda, akamlipa mshahara hata miezi ambayo yeye mwenyewe hakujilipa. Akaandika mkataba kama waajiri wote wanavyoandika: kazi itakayofanywa hapa ni mali ya kampuni. Aminieli akatia sahihi. Habari ya wale watu wa mbali na sharti lao hakuitaja. Aliogopa. Aliona akiitaja, mlango utafungwa kabla haujafunguka.

Na Bi Mwanahawa naye alipaswa kutia sahihi. Karatasi ilipoletwa, alikuwa ameshakatwa koromeo, yuko kitandani hospitali, hasemi. Salha ndiye aliyemsomea. Salha alikuwa hajalala vizuri kwa siku nyingi. Akasoma mwanzo, akasoma katikati, akafika pahali pameandikwa kwamba sauti itatumika kusomea wasioona na kwa matumizi mengine yoyote ambayo kampuni itaona yanafaa. Akaona maneno ni marefu. Akayaruka. Akamwambia mama yake, "Ni ya watoto wasioona, mama. Weka sahihi hapa." Bi Mwanahawa akaweka.

Mwaka haukuisha, Bi Mwanahawa akafariki. Tangazo la kifo chake likasomwa na kijana mgeni pale redioni, akakosea jina la ukoo.

Sasa mtu wa nne. Milimani, kwenye baridi, palikuwa na shule ya wasioona, na hapo alifundisha mwalimu wa historia aitwaye Kassian Haule. Mwalimu Kassian alipofuka kwa surua akiwa mdogo. Programu ilipopelekwa shuleni kwake kujaribiwa, akaisikiliza, akacheka.

"Sauti ni ya dhahabu," alimwambia Aminieli kwenye simu, "ila kusoma haijui. Inasema amefanya kazi *barabara* kana kwamba mtu ametengeneza njia ya magari. Neno moja, lakini mkazo si mmoja. Nitaifundisha."

Akaifundisha kweli. Kila jioni baada ya vipindi aliisikiliza, akaisahihisha, neno kwa neno: wapi ikaze, wapi ipumue, namna ya kusoma miaka, namna ya kusoma majina ya watu wa kila kabila bila kuyavunja. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, bure, hakupewa mkataba wala hakuuomba. Mwishowe programu ikasoma kiasi kwamba mgeni akipita nje ya darasa alidhani kuna mama ndani anawasomea watoto.

Na watoto wakampenda huyo mama. Palikuwa na msichana mmoja, Tunu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache na vizee, nukta zimelala kwa kuguswa na vidole vingi. Kwa sauti ya Bi Mwanahawa, Tunu alisoma kila kitabu alichosoma mwenzake mwenye macho. Alisema anataka kuwa wakili.

Mambo yakaenda hivyo, yakaenda vizuri, hadi kampuni ya Bi Verediana ikaanza kuyumba. Wafadhili waliokuwa wakisaidia wakahamia kwenye mambo mengine. Bi Verediana akauza kiwanja alichorithi kwa baba yake kule Bukoba, akaendelea. Akauza gari, akaendelea. Shule za wasioona hakuzitoza kitu. Hatimaye akabaki hana cha kuuza ila kimoja.

Ikaja kampuni ya kubeti. Wakasema, "Tunataka sauti hiyo. Watu wa pwani wanaiamini." Wakapewa leseni ya kuitumia kwa miaka mingi ijayo, imeandikwa na kugongwa mihuri, na Bi Verediana akaapa moyoni kwamba fedha hiyo itaendesha shule.

Wa kwanza kujua alikuwa Mwalimu Kassian. Sikio lake lilikuwa kali. Alisikia tangazo la kubeti kwenye redio ya simu ya mpishi wa shule, akasimama. Alijua mara moja, maana mikazo ile alikuwa ameipanga yeye. Lakini alinyamaza. Alifikiri, nikipiga kelele, watazima, na watoto wangu watabaki gizani. Akamwomba mpishi abadilishe stesheni.

Salha yeye alisikia sokoni. Alikuwa ametoka kununua vitunguu, anapita mbele ya kibanda cha kubeti, spika iko nje juu ya kiti. Spika ikasema:

"Mpendwa msikilizaji, usiondoke."

Salha akasimama. Vitunguu vikaanguka vikatawanyika barabarani, hakuviokota.

"Leo ndiyo siku yako," mama yake akaendelea. "Weka mkeka wako sasa."

Salha akaingia ndani. Vijana walikuwa wamejaa wanatazama mpira kwenye televisheni.

"Zimeni!" akasema. "Zimeni hiyo!"

"Dada, kuna nini?" akauliza mhudumu.

"Huyo ni mama yangu!"

Vijana wakacheka. "Dada, hiyo ni kompyuta," mmoja akasema. Lakini mwanaume mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi na mkeka wake mkononi, karatasi ya kubeti, akainuka pole pole. Akasema, "Kweli. Hiyo ni sauti ya Bi Mwanahawa Sechonge. Ndiye aliyenitangazia baba yangu." Akaikunja karatasi yake akatoka. Kicheko kikakatika, lakini spika haikuzimwa, maana mhudumu naye aliogopa kufukuzwa kazi.

Salha akapanda ngazi hadi ofisini kwa Bi Verediana.

"Mama yangu alikuwa haruki sala," akasema. "Umemsimamisha mlangoni pa kamari anaita watoto wa watu."

"Kaa kwanza, Salha."

"Sikai."

"Mkataba unaruhusu. Wewe ndiye uliyemsomea."

"Unaruhusu mama yangu aseme uongo akiwa kaburini?"

Bi Verediana akafumba macho. "Nilikuwa nazama," akasema. "Nikizama mimi, na watoto wale wanazama. Ungekuwa mahali pangu ungefanya nini?"

"Ningekuja kwanza kumwuliza binti yake," Salha akajibu, akateremka.

Aminieli alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Siku hiyo hiyo akaacha kazi, akachukua nakala ya programu akaondoka nayo. Kisha akafungua kesi: kwamba programu ilijengwa juu ya msingi uliotolewa bure kwa sharti, kwamba Bi Verediana hakuwa na haki ya kuifungia na kuuza leseni yake, kwamba iwekwe wazi kwa watu wote. Bi Verediana naye akafungua kesi: kwamba Aminieli ameiba mali ya kampuni na alimficha habari ya sharti. Salha naye akafungua kesi: kwamba sauti ya mama yake irudishwe kwa warithi, na kwamba mahakama iizime mara moja wakati kesi inasubiriwa.

Kesi zote zikaunganishwa, zikapewa jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Akasikiliza ombi la Salha, akaona lina haki. Akaweka zuio: programu izimwe kila mahali, nakala zote ziletwe mahakamani zifungiwe, hadi kesi iishe.

Kubeti kukazimwa. Na kule milimani kukazimwa.

Tunu alikuwa katikati ya sura, habari za vita vya Maji Maji. Sauti ikasema, "Wapiganaji walipofika mtoni, wali…" Ikakatika. Tunu akagonga kompyuta kwa kiganja, kwa upole, kama unavyomgusa mtu aliyesinzia. "Mwalimu," akaita, "mama amenyamaza."

Mwalimu Kassian akajua ni nini.

Kesi haikuisha mwezi ule, wala mwaka ule. Wakili akiugua, inaahirishwa. Shahidi akisafiri, inaahirishwa. Watoto wakarudi kwenye vitabu vyenye nukta zilizolala. Mtihani ukafika, Tunu akafeli, akachukuliwa na mjomba wake kwenda kukaa nyumbani, akamenye mihogo. Mwalimu Kassian akamsindikiza hadi getini na hakurudi darasani siku ile. Kesho yake akaomba aunganishwe kwenye kesi, awe mdai wa nne.

Salha aliposikia habari za Tunu hakuweza kushona. Akafunga kibanda, akapanda hadi milimani, akaiona shule. Mwalimu Kassian akampokea vizuri, akampa chai. Wakiwa ofisini, Salha akasikia watoto darasani wakisomeana, mmoja anasoma kwa vidole, wenzake wanasikiliza. Mtoto yule, mvulana wa Kisambaa wa miaka michache tu, alikuwa akisoma kwa mapigo ya Bi Mwanahawa. Alinyamaza pale pale alipokuwa akinyamaza. Alishusha jina la mtu taratibu. Akasoma mwingine, naye vile vile. Darasa zima lilikuwa limejifunza kusoma kwa mama yake.

Salha akalia. Mwalimu akamwacha alie.

"Futa zuio, mwanangu," akasema baadaye. "Kwa hawa tu."

"Nikifuta kwa hawa, wale nao watarudi. Jaji ameniambia haviwezi kutenganishwa."

"Basi watarudi. Mtu akisikia kubeti ana miguu, aondoke. Hawa wataondoka kwenda wapi?"

"Mwalimu, wewe ulijua?" Salha akamwuliza ghafla. "Ulijua kabla yangu?"

Mwalimu Kassian angeweza kudanganya. "Nilijua," akasema.

Salha akaweka kikombe chini, akashuka mlima.

Hatimaye siku ikafika. Jaji akawaambia mawakili wote wakae, wasiseme neno. Akasema, "Nimewasikia nyinyi vya kutosha. Leo nataka kuwasikia wenyewe. Sauti ya marehemu, kazi ya Mfinanga na mafunzo ya Mwalimu vimeshayeyuka kuwa kitu kimoja. Wataalamu wameniambia hakigawanyiki. Kila mmoja aniambie kwa nini apewe yeye, na akipewa atafanya nini."

Akasimama Aminieli. "Mheshimiwa, bila mimi kusingekuwa na kitu. Wazo ni langu, nililianza kabla sijaijua kampuni. Nilichukua kwa watu kwa sharti, na sharti sikulitimiza, nikaficha. Hilo ni kosa langu. Nipe nilitimize. Nikipewa nitaiweka wazi, ichukuliwe na yeyote duniani, bure, asiweze mtu kuifungia tena."

"Na wa kubeti naye akiichukua?"

Aminieli akatazama chini. "Ataichukua, mheshimiwa. Nikimzuia yeye, sharti nimelivunja tena."

Akasimama Bi Verediana. Alikuwa amekonda. "Bila mimi wazo lake lingebaki wazo. Chumba changu, mashine zangu, kiwanja cha baba yangu kimo humo ndani. Mkataba ulisainiwa na watu wazima. Nilikosea kutomuuliza Salha. Nikipewa, shule zote zitapata bure, na nitalipa watu wa kuitunza isife."

"Na leseni ya kubeti?"

"Niliitia sahihi, mheshimiwa. Nikiivunja watachukua kila kitu, hata hiyo programu."

Akasimama Mwalimu Kassian, mkono kwenye bega la karani. "Mimi sina karatasi," akasema. "Niliitoa kazi yangu kama unavyomfundisha mtoto kusoma. Aliyetoa koo alitoa kwa ajili yetu. Aliyeandika aliandika kwa ajili yetu. Hata huyu mama aliyeuza, anasema aliuza kwa ajili yetu. Basi mbona kila mtu anashinda isipokuwa sisi? Nilinyamaza nilipojua, nimekiri. Nipe, itasoma darasani kwangu tu, haitatoka nje ya geti."

Jaji akamwuliza, "Ikiharibika, utaweza kuitengeneza?"

"Hapana, mheshimiwa. Itasoma hadi siku itakayokufa."

"Na wasioona wa shule nyingine?"

Mwalimu akapapasa kiti chake, akaketi.

Salha akasimama mwisho. "Mheshimiwa, wote hawa walitoa walichokuwa nacho. Mama yangu alitoa alichokuwa anakipoteza. Nilimfuta damu mimi. Na karatasi ile niliiruka mistari mimi, nikamdanganya mgonjwa bila kukusudia. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Nikipewa…" Akasita. Akawageukia wenzake, akamtazama zaidi Mwalimu, ingawa Mwalimu hakuweza kumwona. "Nikipewa nitaifuta. Nitamzika mama yangu yote, si nusu."

Jaji akavua miwani.

"Sheria inanipa sababu ya kila mmoja wenu," akasema, "na sababu ya kumnyima kila mmoja. Sitaki kuamua juu ya kitu hiki nikiwa peke yangu. Ingieni chumba kile, wanne tu. Mkitoka na jina moja, nitaliandika. Mkitoka bila jina, zuio linabaki na jaji wa kuliondoa sitakuwa mimi, maana mwezi ujao nastaafu."

Wakaingia. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Waliokuwa nje walisikia sauti zikipanda na kushuka. Walimsikia Bi Verediana akisema, "Mpe Mwalimu basi, mimi nimechoka," na Aminieli akisema, "Ikafie darasani?" na Salha akisema, "Niahidini kamari haitamgusa," na hakuna aliyeweza kumwahidi. Kisha mlango ukafunguka, wakatoka mmoja mmoja, bila jina.

Zuio likabaki.

Kampuni ya Bi Verediana ikafungwa, naye akarudi Bukoba kwa ndugu zake, akaishi kwenye nyumba isiyo yake. Aminieli akajaribu kuandika upya bila sauti ile. Programu ikasoma kama debe, watoto wakaikataa, akaacha, akaenda kutengeneza mifumo ya mahesabu ya maduka. Mwalimu Kassian bado anafundisha. Darasani kwake wanasoma kwa vidole, wanagombania vitabu, na watoto wapya waliokuja baadaye hawasomi tena kwa mapigo yale.

Na Salha? Salha alipata alichokiomba, maana spika zilinyamaza. Lakini siku moja, akiwa kwenye cherehani, alijaribu kukumbuka namna mama yake alivyokuwa akimwita jina lake, na hakuweza. Jina lilikuja, sauti haikuja. Akakimbilia redioni kuomba kanda za zamani. Wakamwambia kanda zilishafutwa, zikarekodiwa muziki. Akaulizia majirani, ndugu, hakuna aliyekuwa nayo. Ikabaki pahali pamoja tu duniani: kwenye kabati la chuma la mahakama.

Akaenda. Karani akamkuta amekaa kwenye benchi la ukumbini, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kuzuru mgonjwa.

"Nataka nimsikie mara moja tu," akasema. "Nikisikia nitaondoka."

Karani alikuwa mtu mwema. Akalitafuta faili, akalisoma, akalifunga.

"Dada Salha," akasema, "hairuhusiwi kufunguliwa kwa ajili ya mtu yeyote. Wewe ndiye uliyeomba."

Salha akashukuru, akainuka, akaenda zake.

Programu ingali mle kabatini. Jaji mpya hajateuliwa kwa kesi hiyo, na wanne wale wangali hai, kila mmoja na haki yake na kosa lake. Akipewa Aminieli, itakuwa ya wote, wema na wabaya. Akipewa Bi Verediana, watoto watasomewa na kamari itaita. Akipewa Mwalimu Kassian, darasa moja litasomewa hadi mashine ife. Akipewa Salha, atamsikia mama yake mara moja, kisha hatasikika tena na yeyote.

Sasa semeni nyinyi mnaonisikiliza, na msinijibu haraka. Kama ufunguo wa kabati lile ungewekwa mkononi mwako leo, ungemfungulia nani? Kati ya wanne wale, ni nani aliyestahili?